Mayai ya Darasa la Shangazi

Ofisi ya Shule
3 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na Bibi anapata nafuu ya nyonga. Usinicheke kwa kuandika kwa kalamu. Simu yako haipatikani, na hata ingepatikana nisingethubutu kuandika haya kwenye simu. Wiki iliyopita mwalimu wa michezo alitupia utani kwenye kundi la walimu, na chai haijapoa akaitwa ofisini. Siku hizi hapa kuta zina masikio, na masikio yenyewe yana chaji. Barua hii ataileta dereva wa basi la mizigo. Nimemsihi asiikunje.

Uliniomba habari za darasa lako. Tangu uende kumuuguza Bibi, Mkuu wa Shule hakutafuta mwalimu wa kushika nafasi yako. Ameliweka darasa chini ya ile programu ya akili mnemba, nami nimeambiwa nisimamie. Kusimamia kwenyewe ni kutunza kimya na kupiga picha. Watoto wanafanya hesabu kwenye madaftari kama kawaida. Kipindi kikiisha wanapanga mstari mbele ya meza yangu, nafungua kila daftari chini ya kishikwambi kilichofungwa kwenye kigingi, napiga picha. Programu inasoma mwandiko, inasahihisha, kisha inampa kila mmoja maswali ya kesho kulingana na alivyofanya leo. Alama zenyewe watoto hawazioni. Mkuu anasema mtoto akiona alama mbaya kila siku atakata tamaa, kwa hiyo zinakwenda kwake moja kwa moja.

Watoto wameibatiza programu jina la Mjomba, kwa kuwa haikasiriki, haigombi, na kila siku inakuja na ahadi mpya. Darasa la pili nalo linaitumia, na mwalimu wao anaisifu sana.

Darasa lako linaendelea. Usiwe na wasiwasi, wewe muuguze Bibi. Chiriku, yule binti wa dawati la mbele mwenye maneno mengi, anakusalimu.

Mimi mwanao,
Karani

*

Nyumbani kwa Bibi
8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika haijakunjwa, ila inanuka vitunguu.

Umeniandikia habari za kigingi cha kishikwambi kana kwamba unakiposa, halafu watoto wangu ukawapa neno moja: "linaendelea." Hilo ni neno la daktari anayewakwepa ndugu wa mgonjwa kwenye korido. Nimelisikia sana tangu Bibi yako aanguke, na nalijua. Halafu nimekulea mimi. Ukificha jambo, herufi zako zinakuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Mstari ule wa mwisho nimeusoma kwa miwani miwili.

Sasa nijibu kama mtu mzima. Wako mada gani? Niliwaacha kwenye ujazo wa maumbo. Chiriku anasema nini? Yule akinyamaza ujue kuna msiba. Na nikukumbushe kilicho mbele yetu: mwisho wa mwezi majina ya watakaofanya mtihani wa hisabati ya juu yanapelekwa. Darasa langu lina watoto thelathini na wanne, na wote wanatakiwa wawemo. Chiriku anataka kujenga madaraja. Bila mtihani ule, mlango huo unafungwa na ufunguo unatupwa mtoni.

Kuhusu Mjomba, sina ugomvi naye. Mjomba mzuri ni yule anayewajua wapwa zake. Niambie tu kama anawajua hawa.

Bibi yako anasema, maneno yake haya: "Mwambie mume wangu asinitumie salamu za nyonga kama mtu wa bima. Aulize kama mke wake bado ni mzuri." Nimemjibu utauliza.

Shangazi yako

*

Ofisi ya Shule
13 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe. Nilificha.

Taarifa ya programu inasema watoto thelathini na mmoja katika darasa lako hawajafikia kiwango. Imeandika hivi: "Mwanafunzi anakaribia jibu lakini hakamilishi." Mkuu ameamua hao wote waandikishwe hisabati ya kawaida, na watatu tu ndio waende hisabati ya juu. Chiriku si mmoja wa hao watatu. Orodha inapelekwa Ijumaa tarehe 28.

Nimelijua hilo kwa muda, nikanyamaza kwa sababu mbili, na moja tu ndiyo ya heshima. Ya kwanza ni kwamba una presha na una mgonjwa. Ya pili ni kwamba muda wangu wa majaribio kazini unaisha mwezi huu huu, na anayetia saini nibaki au niondoke ni Mkuu. Nimejaribu kuzipanga sababu hizi ili ile ya heshima iwe kubwa zaidi. Imekataa.

Ujazo wa maumbo waliuacha zamani. Programu imekuwa ikiwashusha kidogo kidogo, na wiki hii wanajumlisha matofali na kugawana maembe. Juzi Chiriku alisimama akasema kwa sauti, "Mjomba anatunyonyesha upya, na meno tunayo." Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia akae. Akasema, "Nakaa, Karani, lakini kwa hesabu hizi hata kiti kinanionea huruma."

Maneno yake yalinikaa. Jana, baada ya kupiga picha, kwa mara ya kwanza nilisoma ukurasa wake. Siku zote nilikuwa natazama pembe za ukurasa tu, ili picha isikae upande. Nimemwomba ukurasa mmoja wa zamani, akauchomoa, nao nimeuweka humu.

Tazama swali la tangi: nusu kipenyo mita 1.4, kimo mita 3. Hapa shuleni jibu la mwisho linazungushiwa duara. Ni kanuni ya Mkuu, na programu imeelekezwa isome kilichomo ndani ya duara. Chiriku amezungushia 18. Si sahihi. Lakini chini yake amekokotoa hatua kwa hatua, nami nimezihakiki, akafika 18.48, ambalo ndilo jibu lenyewe, akalipigia mistari miwili na kuliacha nje! Swali linalofuata ni la ngazi iliyoegemea ukuta. Hapo amezungushia 6, na jibu kweli ni 6. Hilo pekee ndilo programu ilimpa.

Nimefungua madaftari mengine. Yote yako hivyo. Kwa nini mtu afike kwenye jibu halafu azungushie jingine? Nimeogopa kuwauliza darasani. Neno likitoka pale linamfikia Mkuu kabla yangu.

Mwanao,
Karani

Tena: je, mke wangu bado ni mzuri?

*

Nyumbani kwa Bibi
17 Juni

Mwanangu,

Nimeketi kando ya kitanda cha Bibi yako, ukurasa wa Chiriku uko magotini. Nilianza kwa kucheka. Kisha nikausoma tena, na kicheko kikaisha.

Lile duara si jibu. Ni yai.

Kabla mwanafunzi wangu hajagusa kanuni yoyote, analitazama swali na kukisia. Moja nukta nne ikizidishwa yenyewe ni kama mbili. Mara pai, ambayo ni kama tatu, inakuwa sita. Mara kimo cha tatu, kumi na nane. Anaandika kumi na nane, anaizungushia, na ni marufuku kuifuta. Hilo ndilo yai. Baada ya hapo ndipo anakokotoa. Jibu likitoka analipigia mistari miwili chini: kifaranga na miguu yake. Kifaranga kikitoka kikubwa kama mbuni, mtoto anajua amekosea njiani, anarudi mwenyewe bila kuniita. Ndivyo ninavyowafundisha wasiogope. Mtu asiyejua kukisia humwamini yeyote anayempa jibu, awe mwalimu au mashine.

Kwa hiyo Mjomba hakukosea. Aliambiwa asome duara, akasoma duara. Tangu niondoke amekuwa akisahihisha makisio ya watoto, na kwa makisio amewasifu vizuri tu: wanakaribia jibu! Ile ngazi alimpa Chiriku kwa sababu siku hiyo yai na kifaranga vililingana.

Sasa sehemu chungu. Mkuu anaijua habari ya mayai. Mwaka jana aliyaona kwenye madaftari akanipa barua ya onyo, kwamba darasa langu linavunja kanuni ya duara. Alinitaka nitie saini kwamba nitaacha, nikatia. Sikuacha. Niliwaambia watoto wachore mayai madogo zaidi, basi. Mkuu anaamini nilitii, ndiyo maana hata hakuwaza kuangalia. Alisema akiyaona tena nisikanyage darasa lake.

Hilo ni langu, halikuhusu. Barua hii ikikufikia nenda kwa Mkuu siku hiyo hiyo. Mpe aisome yote, na hiyo sehemu chungu pia. Mwonyeshe ile mistari miwili. Usiweke chumvi, usipunguze.

Bibi anasema ni mzuri kuliko jana, na kwamba umechelewa kuuliza.

Shangazi yako

*

Ofisi ya Shule
20 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimepata njia ya tatu, na naandika mkono ukiwa mwepesi kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Kwa Mkuu sikwenda. Nilifika mpaka kwenye zulia la mlangoni. Nilikuwa na barua yako mfukoni na mkono umeshainuliwa kubisha. Nikamsikia ndani anamwambia mtu kwenye simu, "Mimi mtu akinidanganya kwa saini, huyo simrudii." Nikaushusha mkono. Nisingeweza kuwa mimi wa kukupeleka pale.

Badala yake nikaenda darasani. Nikawaambia, "Kuanzia leo, kinachozungushiwa ni jibu. Makisio yaacheni wazi, bila duara."

Chiriku akauliza, "Yaani kifaranga kirudi ndani ya yai?"

"Ndiyo."

"Mama yake atashangaa."

"Chiriku, andika."

"Naandika, Karani. Nasikitika tu."

Wakaandika. Nikampa Mjomba maswali ya kupima kiwango, yale ya ujazo, ili awapandishe. Nikapiga picha, na kwenye kishikwambi rangi zikaanza kubadilika: nyekundu zikawa kijani, daftari baada ya daftari, mpaka nikaogopa kupumua nisije nikavuruga. Karibu darasa zima limefika kiwango. Mkuu akitazama kesho, orodha itajirekebisha yenyewe. Wewe hutajwi. Mimi sitajwi. Hakuna aliyeumia.

Lala vizuri, Shangazi.

Mwanao,
Karani

*

OFISI YA MKUU WA SHULE
24 Juni

Kwa: Karani wa Taaluma

YAH: MABADILIKO YASIYOELEZEKA KATIKA ALAMA

Mfumo umetoa taarifa kwamba wanafunzi waliokuwa chini ya kiwango tangu mwanzo wa muhula wamepata takriban majibu yote kwa siku moja. Mfumo unapendekeza uchunguzi wa udanganyifu. Nywila ya majibu ya maswali ya kupima kiwango ninayo mimi na unayo wewe. Mimi sikuwapa majibu.

Unatakiwa kufika ofisini kwangu Alhamisi tarehe 27, saa tatu asubuhi, mbele yangu na Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, na utoe maelezo. Hadi hapo, hakuna jina lolote la darasa hilo litakaloingia katika hisabati ya juu, pamoja na yale matatu ya awali.

Mkuu wa Shule

*

Nyumbani kwa Bibi
24 Juni

Mwanangu,

Umefanya nini?

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Hiyo mashine inakumbuka jana ya darasa. Ikiona leo watoto wameruka ukuta, itauliza ni nani aliyeleta ngazi, na atakayeonekana ameishika ni wewe. Watoto hawakuiba kitu, na wewe umewavisha nguo za wezi. Huenda ninapoandika haya umeshaitwa. Kama bado, utaitwa.

Woga wako haunikasirishi. Wewe ni mwoga tangu ukiwa wa kubebwa, ulikuwa unalia ukiona kivuli chako. Kinachonikasirisha ni kwamba umenitoa mimi kwenye hesabu ili jibu litoke zuri. Nilikwambia nipeleke. Nilijua ninachosema. Nina miaka ya kutosha kubeba saini yangu mwenyewe.

Sikiliza. Kabla hujaingia kwa Mkuu, chukua karatasi uchore yai. Ndani yake andika unachodhani kitatokea. Usilifute. Liweke mfukoni, uingie, useme kweli kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukitoka, lilinganishe na kifaranga. Nataka uone kwa macho yako jinsi woga unavyokisia.

Bibi amesikia nikikugombeza peke yangu hapa. Anasema, "Muache mume wangu. Mwanaume anayeogopa hukumbuka kufunga mlango." Mimi nasema ufungue.

Shangazi yako

*

Ofisi ya Shule
27 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nilipewa na dereva getini asubuhi ya leo. Niliisoma nimejibanza nyuma ya tangi la maji, kisha nikachora yai kama ulivyoniagiza. Niliandika: "Nitafukuzwa leo, na darasa litaachwa." Nikalitia mfukoni mwa shati.

Ofisini walikuwa wawili, Mkuu na Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, yule mama mwenye duka la vioo. Sikuambiwa nikae.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza. "Karani, uliwapa watoto majibu?"

"Hapana, mama."

"Basi ni malaika?"

Nikaanza kueleza. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine, lakini ilitoka. Nikaeleza duara, yai, kifaranga, mistari miwili. Nikaweka mezani barua yako ya tarehe 17 na madaftari sita ya zamani. Mkuu alisoma polepole. Alipofika kwenye saini, nilijua amefika, kwa sababu alivua miwani.

"Alitia saini," akasema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Mbele ya macho yangu."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na wewe ukajua. Ukaja kwangu?"

"Nilifika kwenye zulia, Mkuu."

Mwenyekiti akakohoa. Nadhani alikuwa anaficha kicheko, lakini mimi nilikuwa nimekufa tayari, sikujali.

Mkuu akasema, "Hadithi ni nzuri. Lakini mwizi mwenye akili huja na hadithi nzuri." Akainuka, akachukua chaki. "Twende darasani. Swali nitalitoa kichwani mwangu sasa hivi."

Tulipoingia watoto walisimama. Mkuu akaandika ubaoni: pipa la kipenyo cha sentimita 56, kimo sentimita 90, tafuta ujazo. Akasema, "Kila mtu afanye kama mwalimu wake alivyomfundisha."

Wakanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu, kisha nikainua kichwa nikasema, "Fanyeni kama alivyowafundisha Mwalimu. Yai kwanza."

Shangazi, ungewaona. Vichwa viliinuka vikalitazama pipa lile ambalo halipo, kisha kalamu zote zikachora mayai karibu kwa pamoja. Mkuu akapita kati ya madawati, mikono nyuma. Mwenyekiti alikuwa akichungulia madaftari kama anayechagua samaki.

Chiriku, bila kuinua uso, akasema, "Mkuu, na wewe weka lako."

"Langu nini?"

"Yai, Mkuu. Au wakubwa hawatagi?"

Nilihesabu maisha yangu yaliyobaki nikaona ni machache. Mkuu alisimama amemtazama. Kisha akarudi ubaoni. Alilikodolea macho swali lake mwenyewe, midomo inacheza kidogo, akaandika 220,000. Mkono ukasita. Kisha akachora duara.

Walipomaliza, Mwenyekiti alishika daftari moja juu akauliza, "Sasa hapa mimi nisome lipi?"

Darasa zima likajibu, "Lenye miguu!"

Jibu ni 221,760. Walikosa wawili. Mmoja ni yule kijana mrefu wa nyuma, ambaye hajaulizwa akainua mkono: "Mkuu, kifaranga changu kimetoka milioni mbili, na yai langu ni laki mbili na nusu. Nimeteleza mahali. Naomba muda." Mkuu akasema, "Umepewa." Akasimama pembeni yake kumsubiri, na alipopata, Mkuu akalipigia jibu lile mistari miwili kwa kalamu yake mwenyewe, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Tuliporudi ofisini hakunitazama. Alichukua orodha, akaandika majina yote thelathini na manne kwenye hisabati ya juu, akatia saini, akanipa nikapige muhuri. Niliupiga mara mbili, nisibaki na shaka.

Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Kila siku, kabla ya kupiga picha, nichague madaftari kumi niyasome kwa macho yangu mwenyewe. Alisema, "Tulikuajiri una macho. Kamera tulinunua mbali."

Yai langu nimelitoa mfukoni. Chini yake nimeandika: "Nimebaki. Watoto wote wamo," nikapiga mistari miwili. Nilikuwa mbali sana na jibu, Shangazi. Kosa liko wapi kwenye hesabu yangu? Nimelitafuta silioni.

Lakini bado wewe. Mkuu amekuandikia kwa mkono wake, akaifunga bahasha kwa gundi mbele yangu, nami nimeitia humu. Sijui imebeba nini. Nilijaribu kuusoma uso wake na ulikuwa umefungwa kwa gundi hiyo hiyo. Kabla hujaifungua, chora yai.

Mwanao,
Karani

*

Nyumbani kwa Bibi
30 Juni

Mwanangu,

Yai nililichora juu ya bahasha yenyewe, Bibi yako akiwa shahidi. Niliandika neno moja: "Nimefukuzwa." Unaona, ni damu moja.

Nakunakilia kifaranga:

"Mwalimu, ulitia saini ahadi ukaivunja, ukaniachia mimi niwaandikie watoto wako hukumu ya makosa ambayo hawakuyafanya. Hilo silisamehe. Kwa mwaka mmoja hutakuwa mkuu wa idara ya hisabati. Darasani utarudi muhula ujao, kwa sababu watoto wale nimewaona. Kuanzia muhula huo madarasa yote yatakisia kabla ya kukokotoa. Nimeagiza mfumo uelekezwe kusoma kisio na jibu, vyote viwili, na mwanafunzi aoneshwe pale vinapoachana. Hata hivyo kanuni ya duara iko palepale, na duara ni la jibu. Makisio yatawekwa ndani ya mraba."

Idara inaniuma, sitakudanganya. Nimeijenga. Lakini kila alichosema juu ya saini ana haki nacho, na nimemjibu hivyo, kwa herufi kubwa.

Kosa lako umeniuliza liko wapi. Liko mwanzoni kabisa, kabla ya hatua ya kwanza. Ulipokisia ulijiweka wewe peke yako ndani ya swali. Hukumweka Chiriku, hukumweka yule mrefu wa nyuma, hukumweka mama wa vioo, wala Mkuu, ambaye kumbe naye alikuwa mwalimu wa hisabati kabla hajawa mlango wa kubishwa. Ukiacha nusu ya namba nje, yai litakuwa bovu tu.

Narudi Bibi akianza kutembea. Wasomee watoto barua hii, ruka pale pa idara.

Hiyo barua ya Mkuu nimemsomea Bibi yako yote. Alisikiliza kwa heshima mpaka kwenye mraba. Hapo akacheka hata nyonga ikamkumbusha, akanishika mkono, akasema: "Mwambie mume wangu amwambie Mkuu, huyo kuku wao wa mayai ya pembe nne akishataga la kwanza, wamlete kwangu nimpe pole."

Shangazi yako